Kufuatilia magonjwa kwa simu, ramani na maabara jijini Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kufuatilia ugonjwa kwa teknolojia ni kufanya nini hasa?

Ni kujua nani anaumwa, ameanza kuumwa lini na yuko wapi, kabla ugonjwa haujawafikia wengine. Vifaa ni vingi: simu ya mkononi, ramani ya kidijitali, mashine ya maabara inayosoma vinasaba vya kirusi, kompyuta inayojumlisha taarifa za vituo vya afya. Vyote vinahangaika na mambo hayo matatu. Katika jiji lenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ambapo mtu analala Mbagala, anauza duka Kariakoo na kula mchana Buguruni, jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote. Nitalirudia mara kwa mara hapa chini, maana naamini ndipo tunapopoteza muda mwingi.

Kazi hii ilianza na kompyuta?

Hapana. Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua mamia ya watu Soho, London, daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani kwa kila kifo. Alama zikalundikana kuzunguka pampu moja ya maji iliyokuwa Broad Street, na mpini wa pampu hiyo ukaondolewa. Zama zile wakubwa wengi wa utabibu waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Snow hakuwa na darubini iliyomwonyesha kijidudu. Alikuwa na anwani za waliokufa.

Dar es Salaam nayo ina historia yake. Mradi wa kudhibiti malaria mijini ulioanza mwaka 2004 katika kata 15 uliwatumia wakazi wenyewe, waliochaguliwa mitaani kwao, kuzunguka kila wiki wakitafuta madimbwi yenye viluwiluwi vya mbu. Walichora ramani kwa mkono, kisha wataalamu wakazilinganisha na picha zilizopigwa kutoka angani. Pale ramani ya mkono ilipoachana na picha, kulikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekuwa akikikagua: nyuma ya ukuta wa kiwanda, ndani ya eneo lililofungwa geti, bondeni kwenye bustani za mchicha. Mbu walikuwa wakizaliana humo kwa raha zao.

Taarifa yangu inatoka vipi zahanati hadi wizarani?

Inaanzia kwenye kitabu. Ukifika, jina, umri, jinsia, makazi na ugonjwa vinaandikwa kwenye rejesta ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, kitabu namba 5 kama ni mgonjwa wa nje. Wengi mmekiona: kipana kuliko meza, safu nyembamba, peni imefungwa kwa uzi isipotee. Takwimu za mwezi hujumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2, uliotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzao wa Afrika Kusini iliyoanza miaka ya 1990. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi kubwa ya kuurekebisha ulingane na mahitaji yetu.

Lakini kipindupindu hakisubiri mwisho wa mwezi. Mtu akimeza vijidudu, dalili zinaweza kuanza ndani ya saa chache hadi siku 5. Ndiyo maana yapo magonjwa ambayo kituo kinatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24 tangu kumshuku mgonjwa mmoja tu: kipindupindu, homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, na mengine ya aina hiyo. Kwa hayo nchi ina mfumo wa kielektroniki ambao mhudumu anaweza kuutumia hata kwa kitochi, kwa menyu ya nyota na reli kama ile ya kutuma pesa. Haihitaji bando wala simu janja. Ujumbe ukiingia, mganga mkuu wa wilaya na timu yake wanaarifiwa papo hapo.

Kwangu mimi huu ndio uvumbuzi mkubwa kuliko yote niliyoyataja kwenye ukurasa huu, ingawa haupigwi picha magazetini. Zahanati ya pembezoni mwa Kigamboni ambayo zamani ilisubiri mtu wa kupeleka fomu mjini kwa daladala, leo inatoa taarifa kabla mgonjwa hajamaliza dripu ya kwanza.

Kwa nini nesi ananing'ang'aniza nieleze ninapoishi wakati mimi nimekuja na tumbo?

Kwa sababu tumbo lako linaweza kuwa la watu 50. Fikiria wagonjwa sita wa kuhara na kutapika wanafika kituoni siku moja, na wote kwenye safu ya makazi wameandikwa "Manzese". Manzese ni kata yenye makumi ya maelfu ya watu. Afisa afya akipewa neno hilo pekee hana pa kuanzia. Akipewa mtaa, jina la mjumbe, na kwamba maji wanachota kwenye kisima kilicho nyuma ya gereji fulani, atatoka na chupa ya kuchukulia sampuli na dawa ya kutibu maji, na jioni hiyo hiyo kisima kitakuwa kimeshughulikiwa.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, wagonjwa wa mwanzo wakiwa Kinondoni, ulisambaa mikoa mingi ya Bara hadi Zanzibar, na kufikia mwisho wa 2016 wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000 nchi nzima. Mwaka huo huo wa 2015 ndipo Ramani Huria ilipoanza: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walipita mitaani wakichora nyumba, vichochoro, mitaro, vyoo na visima kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuitumia bure. Lengo la kwanza lilikuwa mafuriko, hasa kandokando ya Mto Msimbazi, lakini mtaro unaofurika na kisima kinachoingia kinyesi ni jambo moja. Tandale ilikuwa imeshachorwa tangu 2011. Kabla ya hapo ukifungua ramani za mtandaoni ulikuta barabara kubwa zinazoizunguka, na katikati patupu, kana kwamba hakuna mtu anayeishi.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao. Nawasihi: ijue namba ya nyumba yako, iandike kwenye simu, wafundishe watoto. Dada wa kazi naye aijue, maana mara nyingi ndiye anayempeleka mtoto zahanati. Na kituo kiache kuandika kata pekee. Safu ya makazi ikijazwa vizuri, kompyuta zote zilizo mbele yake zina kazi ya kufanya. Ikijazwa hovyo, hakuna programu itakayoirekebisha.

Nikinunua dawa duka la dawa bila kupima, mfumo unanijua?

Haukujui kabisa, na hili ni tundu kubwa. Tabia yetu jijini ni kwamba homa ikianza mtu anajitibu malaria kwanza. Isiposhuka ndipo anakwenda hospitali. Kwenye homa ya dengue tabia hii inatuumiza. Dengue imelipuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja, ikiwamo 2014 na 2019, na dalili za mwanzo zinafanana na malaria. Kipimo cha malaria kinatoka hasi, mtu anaambiwa malaria yake "imejificha", anakunywa dawa na kurudi kazini. Wakimfuata njia hiyo watu mia kabla ya mmoja kupimwa dengue, mlipuko umeshakomaa.

Muuza dawa makini anaweza kuwa mlinzi wa kwanza. Ukiona wiki hii ORS na dawa za kuzuia kuharisha zinaisha haraka kuliko kawaida, au wateja wengi wana homa na vipimo vyao hasi, mpigie afisa afya wa kata. Hiyo ni takwimu kamili, hata kama haikutoka kwenye kompyuta.

Kampuni ya simu inatumika kunifuatilia mimi nilipo?

Swali hili linaulizwa kwa hofu, na hofu hiyo ina sababu, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Kila unapopiga simu au kutuma ujumbe, mnara uliokuhudumia unaacha kumbukumbu. Watafiti wakipewa kumbukumbu za laini nyingi, majina na namba vikiwa vimeondolewa, wanaweza kuona jinsi watu kwa ujumla wanavyohama kutoka eneo moja hadi jingine. Utafiti mmojawapo wa mwanzo kabisa wa aina hii ulifanyika hapa kwetu. Mwaka 2009 Andrew Tatem na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za simu zaidi ya 770,000 za wateja wa Zantel. Zanzibar ilikuwa imeibana malaria sana na ilitaka kujua wasafiri wanairudisha kwa kiasi gani.

Ungedhani jibu ni boti za Dar es Salaam, maana ndiko wengi wanakovuka. Sivyo. Safari nyingi zilikuwa za kuja Dar kwa siku chache, mahali ambapo maambukizi ya malaria ni madogo ukilinganisha na mikoa mingi. Hatari kubwa ilikuwa kwa kundi dogo lililokwenda mbali zaidi Bara na kukaa muda mrefu. Bila takwimu zile, lawama zote zingeangukia boti, na fedha zingemwagwa bandarini.

Kenya nako, utafiti uliochapishwa 2012 ulitumia kumbukumbu za wateja karibu milioni 15 kuonyesha jinsi vimelea vya malaria vinavyosafiri na watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria kuelekea Nairobi. Haiti, baada ya tetemeko na kisha kipindupindu cha 2010, laini za simu zilionyesha watu waliokimbia wameelekea wapi.

Hata hivyo mnara hauoni kila mtu. Mtoto wa miaka minne hana laini, na ndiye ambaye malaria humuua. Mama anayeazima simu ya mumewe anaonekana kana kwamba ni mumewe. Kijana mwenye laini tatu anahesabiwa watu watatu. Mchambuzi asiyeyajua haya atachora ramani nzuri ya wenye simu na kuiita ramani ya wananchi.

Kufuatilia mienendo ya umati ni jambo moja, na kumfuatilia mtu kwa jina ni jingine. La pili halipaswi kufanyika kimyakimya.

Sheria inanilinda?

Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anatakiwa akueleze anazikusanya kwa ajili gani, na asizitumie kwa jambo jingine.

Tujifunze kwa Singapore. Machi 2020 walizindua programu ya simu ya TraceTogether ili kujua nani alikuwa karibu na mgonjwa wa Uviko, na wananchi wakaambiwa itatumika kwa ugonjwa huo tu. Januari 2021 serikali ikakiri kwamba polisi wanaweza kuzichukua taarifa hizo kwa uchunguzi wa jinai. Watu walikasirika, na sheria ikabidi itungwe haraka kuweka mipaka. Mgonjwa akisikia jina lake limefika kijiweni kabla majibu hayajamfikia yeye, hatarudi kituoni, na jirani zake hawatakwenda. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya kinga, na nayachukulia kwa uzito huo hata majina yanayorushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwa nia njema.

Zanzibar wanafanyaje hadi wanamfikia mgonjwa mmoja mmoja wa malaria?

Kituo kikimpata mgonjwa kinatuma taarifa kwa simu. Afisa wa ufuatiliaji wa wilaya anaipokea, anapanda pikipiki na kishikwambi chake, anakwenda nyumbani kwa mgonjwa, anapima wote wa nyumba ile, anauliza nani alisafiri na wapi, kisha anarekodi mahali nyumba ilipo kwa GPS. Wanautumia mfumo unaoitwa Coconut Surveillance. Inawezekana kwa sababu wagonjwa ni wachache. Kwa malaria ya Bara nzima huwezi. Kwa kipindupindu cha wagonjwa kumi wa kwanza Temeke, unaweza kabisa.

Kamera za joto pale uwanja wa ndege zinakamata wagonjwa?

Zinakamata wenye homa wakati ule. Aliyeambukizwa jana anapita. Kwa Marburg au Ebola, ambazo ni homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, dalili huchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza, kwa hiyo fomu ya afya unapotakiwa kuijaza, pamoja na namba ya simu inayopatikana, ina thamani kuliko kamera. Tafadhali usiandike namba ya uongo.

Marburg ilipotokea Kagera, Dar es Salaam ilihusikaje?

Mara ya kwanza nchini ilikuwa Machi 2023, wilaya ya Bukoba: wagonjwa 9, wakafariki 6. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Sampuli zilipimwa kwanza kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, Kagera, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Wagonjwa 10 waliohesabiwa wote walifariki, wengi wao kabla ugonjwa haujatambuliwa.

Kazi ya kompyuta katika mlipuko wa namna hii ni orodha. Kila aliyetangamana na mgonjwa anaandikwa na kufuatiliwa kila siku kwa siku 21: joto lake, hali yake, kama amehama. Shirika la Afya Duniani lina programu iitwayo Go.Data inayochora mnyororo wa nani alimwambukiza nani. Programu inakukumbusha kwamba mtu namba fulani hajatembelewa leo. Anayebisha hodi, anayekaa mkekani na kumshawishi mama aliyefiwa asiusafirishe mwili, ni mhudumu wa afya wa jamii. Mlipuko hutangazwa umekwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya siku 21.

Mtandao unaweza kutabiri mlipuko kabla ya hospitali?

Wakati mwingine unawahi kunusa. Februari 2003 mtandao wa ProMED, unaokusanya taarifa za magonjwa kutoka kwa madaktari duniani, ulirusha swali kuhusu vifo visivyoeleweka Guangzhou, China. Ilikuwa SARS, na dunia haikuwa imeijua bado.

Lakini wapo waliojikwaa. Google ilianza 2008 kukadiria mafua kwa kuangalia watu wanatafuta nini mtandaoni. Msimu wa 2012 hadi 2013 makadirio yake kwa Marekani yakawa makubwa karibu mara mbili ya hali halisi, na 2015 huduma ikafungwa. Watu hutafuta habari za mafua wakiogopa, si lazima wakiumwa. Hapa kwetu video moja ya TikTok ikisema kuna ugonjwa mpya, jiji zima litautafuta usiku huo huo.

Kusoma vinasaba kunasaidia nini?

Kirusi kinaponakiliwa kinabadilika kidogo kidogo. Ukilinganisha sampuli mbili unajua kama ni mnyororo mmoja au ugonjwa umeingia mara mbili kutoka sehemu tofauti. Mwaka 2015 watafiti walisoma vinasaba vya Ebola huko Guinea kwa mashine inayoshikika kiganjani, iliyochomekwa kwenye kompyuta mpakato. Sisi tunayo Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii pale Mabibo. Kikwazo cha kila siku ni sampuli: ibebwe kwenye ubaridi, ifike mapema, iwe na maelezo kamili ya imetoka wapi. Tumerudi kwenye safu ile ile ya makazi.

Majitaka nayo yanapimwa?

Yanaweza. Polio imetafutwa kwa njia hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa aliyeambukizwa hutoa kirusi chooni hata bila kupooza. Kwa Dar es Salaam ugumu ni kwamba nyumba nyingi zinatumia vyoo vya shimo. Ukipima mabwawa ya Vingunguti unapima waliounganishwa na bomba na waliomwagiwa huko na magari ya kunyonya, na wengine wote hawamo.

Na droni?

Zinafaa kutafuta maji yaliyotuama. Zanzibar zimetumika juu ya mashamba ya mpunga kutafuta mazalia ya mbu wa malaria. Mbu wa dengue anazaliana kwenye tairi, ndoo na kopo la maua barazani, pengine chini ya bati ambapo droni haioni, na anauma mchana. Huyo anatafutwa kwa miguu. Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Oxford wamefanyia kazi njia nyingine ninayoipenda: simu ya bei nafuu inayosikiliza mlio wa mabawa na kutambua ni mbu wa aina gani.

Nikiona majirani kadhaa wanaharisha na kutapika, nifanye nini?

Mgonjwa kwanza: ORS na kituo cha afya, usisubiri asubuhi. Halafu piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure, au mwambie mwenyekiti wa serikali ya mtaa amwite afisa afya. Sema mtaa, namba ya nyumba, wangapi wanaumwa, wa kwanza alianza lini, na wote wanachota maji wapi au wamekula wapi. Kama kulikuwa na msiba au sherehe, litaje. Usione haya kwamba labda si kipindupindu; kupima sampuli moja ikatoka hasi ni nafuu kuliko kuchelewa.

Kijana wangu anapenda kompyuta na anataka kazi hii. Asome nini?

Asiache hesabu na biolojia. Muhimbili wanafundisha afya ya jamii, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kompyuta na takwimu, Ardhi ramani. Sokoine, Morogoro, ndiko programu ya simu ya AfyaData ilikotengenezwa, ambayo wanajamii wanaitumia kuripoti magonjwa ya watu na mifugo kwa pamoja. Wakati akisubiri chuo, ajifunze kuchora kwenye OpenStreetMap, haitaki ada. Aanze na mtaa wenu: vichochoro, visima, vyoo vya umma, duka la dawa.